Wavu Wenye Miguu Arobaini

Kila siku akitoka shule, kabla hajavua hata viatu, Fundo alipitia kibandani kwa shangazi yake kuchungulia pipa. Lilikuwa pipa la plastiki la buluu, limekatwa mdomo na kujazwa maji ya bahari, na aghalabu ndani yake palikuwa na kamba mpya imelala chini ya jiwe. Akishachungulia ndipo alipoamkia, ndipo alipokunywa maji, ndipo alipoulizwa habari za shule.

Shangazi yake alikuwa fundi wa nyavu. Naye Fundo jina lake alilipata mle mle kibandani akiwa na miaka mitatu, siku alipowafunga wavuvi watatu kamba za viatu, huyu kwa huyu, wakiwa wamekaa benchini wanapiga soga. Waliposimama waondoke, waliondoka kwa pamoja kwelikweli, na mmoja akaacha jino lake pale sakafuni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata mwalimu wake wa darasa alimwita Fundo.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, na jua likipanda kilichoma. Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari ya kupimia kamba, mkasi mkubwa ukining'inia kwenye msumari wake peke yake, na sindano za mbao za kushonea nyavu zilizolainika kwa kushikwa miaka mingi. Shangazi alikuwa na masharti mengi, lakini moja lilikuwa juu ya yote: kamba mpya haikatwi kavu. Kamba mpya ikilowa kwa mara ya kwanza hujikaza na kufupika. Kwa hiyo ni lazima ilale pipani siku mbili nzima, ijikaze itakavyo, ndipo ipimwe na kukatwa. Hata kama aliyeitia pipani ni yeye mwenyewe, Shangazi hakushika mkasi bila kuuliza kwa sauti, "Imelala siku mbili?" Asipokuwapo mtu wa kumjibu, alijijibu.

Hali ya bahari yao ilikuwa mbaya, na hakuna aliyejidanganya kwamba itakuwa njema. Mashua zilivua kwa nyavu za kukokotwa, na ukingo wa chini wa kila wavu ulishonewa mnyororo mzito ili wavu usinyanyuke. Mnyororo ule ulilima sakafu ya bahari. Uling'oa majani yanayoota kule chini, ambamo samaki hutaga na watoto wao hujificha, ukaacha matope matupu. Mwaka baada ya mwaka ukapita, mpaka mashua zikawa zinarudi na visamaki vya urefu wa kidole. Wengine waliuza injini zao. Baba yake Fundo aliacha uvuvi akaenda kuvunja mawe mbali huko, na nyumbani alionekana mara moja kwa miezi mitatu.

Yalibaki majani sehemu moja tu, nyuma ya miamba, eneo la ukubwa wa viwanja viwili vya mpira. Yalibaki si kwa sababu watu waliyahurumia. Yalibaki kwa sababu minyororo ilikuwa inanasa kwenye miamba.

Shangazi alikuwa ameliwaza jambo hili miaka miwili. Alitaka kuuondoa mnyororo kwenye wavu na badala yake kuufunga miguu: vipande arobaini vya kamba, kila kimoja urefu wa shubiri mbili, na mwisho wa kila kipande kisahani kizito cha mpira kilichokatwa kwenye tairi kuukuu. Miguu ndiyo ingegusa chini. Wavu wenyewe ungepita juu ya majani bila kuyagusa, na samaki wanaoogelea juu ya majani wangeingia kama kawaida. Wavuvi waliposikia walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimuuliza kama wavu huo utavaa na viatu, na kama utakuwa ukijiendea sokoni wenyewe.

Mwenye mashua kubwa kuliko zote aliitwa Bwana Hapana, kwa kuwa kila alichoambiwa alianza kwa kukataa; ungemuuliza kama ameshiba angesema hapana, halafu akaukataa mkate kwa kuwa ameshiba. Shangazi alimwandama miezi mitano. Mwishowe alikubali kwa shingo upande. Alitoa siku moja tu, na wavu ujaribiwe palepale nyuma ya miamba, kwani ndipo penye samaki. Majani yakibaki salama, yeye atabadilisha nyavu zake, na wenzake wa chama cha wavuvi watamfuata. Yakiharibika, asisikie tena habari za miguu maisha yake yote.

Shangazi alisita. Eneo lile lilikuwa la mwisho. Lakini aliiamini mikono yake, akakubali.

Bunda la kwanza la kamba alilitia pipani mwenyewe, akakata miguu ishirini ya upande wa kulia, yote sawasawa. Bunda la pili lilipofika alikuwa anatoka kwenda kwenye magereji ya barabara kuu kutafuta tairi, na kazi ya kukata visahani ingemweka huko siku mbili. Akamwachia Fundo.

"Itie leo hii Alhamisi," alimwambia. "Jumamosi asubuhi tunakata miguu ya kushoto."

Fundo alilibeba lile bunda akiwa na nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba njiani alikutana na wenzake nyuma ya shule, na kamba yao ya kuruka ilikuwa imekatika jana yake. Basi wakaitazama ile mpya. Ilikuwa nzito, na ikizungushwa ilivuma. Waliruka mpaka jua likazama, na Fundo akajiambia kwamba ataitia kesho, siku moja si haba. Kesho yake waliruka tena, akaiacha kwa rafiki yake wa dawati moja. Jumamosi alfajiri alidamka, akaifuata kwa rafiki yake, akaizamisha pipani, akahesabu mpaka mia moja, akaitoa inachuruzika maji.

Shangazi alipoishika alikunja uso kidogo, kama anayeona bado ni ngumu. Akautungua mkasi.

"Imelala siku mbili?"

"Imelala, Shangazi," Fundo akajibu, na hakupepesa macho.

Shangazi akakata.

Jaribio lilikuwa Jumatatu. Fundo alitoka shule akakimbia moja kwa moja hadi gatini, akakuta mashua ya Bwana Hapana imeshafunga. Hakuna aliyekuwa anacheka. Wavu ulikuwa umelazwa sakafuni, umechanika, na upande wake wa kushoto ulikuwa umejaa majani mabichi yaliyong'olewa na mizizi yake, matope yakidondoka. Ndani ya majani vilikuwemo visamaki vidogo kuliko ukucha, vimeshakufa. Shangazi alikuwa amepiga magoti, anaokota majani moja moja na kuyaweka pembeni, ingawa hayakuwa na kazi yoyote tena.

Mzamiaji wa mashua, aliyekuwa ameshuka kutazama, alieleza kwamba upande wa kulia majani yamesimama vilevile, hata hujui kama wavu umepita. Lakini upande wa kushoto pamekwanguliwa mfereji kutoka mwanzo wa eneo hadi mwisho, na karibu nusu ya majani yamekwenda. Wavuvi hawakujali cha kulia wala cha kushoto. Walisema walijua tangu mwanzo. Bwana Hapana alimwambia Shangazi, bila ukali, kwamba neno ni neno, na kwamba mnyororo urudishwe kabla ya Ijumaa.

Fundo aliyasikia maneno ya mzamiaji. Kulia ni salama, kushoto kumeharibika. Katika watu wote waliosimama pale ni yeye peke yake aliyejua kwa nini. Akageuka, akaenda nyumbani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Shangazi hakufoka wala hakulia. Alikaa kibandani akishona mnyororo kwenye ukingo wa wavu, pete baada ya pete, na mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Wateja walipita bila kuingia. Fundo alikuja kila siku, akachungulia pipa kwa mazoea, lakini halikuwa na kitu ila maji yaliyoanza kunuka. Wenzake walimwita waende kuruka kamba, akawaambia tumbo linamuuma, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa anadanganya.

Jumatano Shangazi alisimamisha sindano, akainua vidole vyake juu akavitazama.

"Macho yangu yameisha, Fundo," alisema. "Nimepima miguu ile mara tatu nikaona sawa, kumbe si sawa. Fundi asiyeweza kuamini kipimo chake hana kazi. Nikimaliza huu wavu, kibanda nitakifunga. Nitamwandikia baba yako aniulizie kazi huko kwenye mawe."

Alisema hayo taratibu, kama mtu anayetaja vitu vya kununua dukani. Fundo alimtazama mwanamke yule ambaye angeweza kushona tundu la wavu akiwa amefumba macho, akamwona anajiona hafai, na kwa kosa lisilo lake. Hilo alishindwa kulimeza.

"Kamba haikulala," alisema. "Kamba ya kushoto haikulala, Shangazi. Niliichovya tu. Tulikuwa tunaruka nayo."

Shangazi alinyanyuka, akaenda kwenye kona ilikotupwa miguu arobaini, akachukua mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, akaining'iniza kwenye ubao wa misumari. Ule wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Akachukua mingine miwili, kisha mingine. Vidole vitatu, vidole vitatu, vidole vitatu. Vidole vitatu si kitu ukiwa nchi kavu. Lakini wavu ukishajaa tumbo lake hushuka, na vidole vitatu ndiyo nafasi yote iliyokuwapo kati ya tumbo lile na majani.

Fundo alisubiri kupigwa, na kusema kweli angefurahi kupigwa. Shangazi alikaa tu, mikono magotini.

"Nilihisi kamba ni ngumu," alisema. "Nikakuuliza, ukaniambia imelala. Nikaona bora nikuamini wewe kuliko mikono yangu." Akavuta pumzi. "Mimi nimekusikia. Lakini mashua si yangu, na wavu uliochanika si wangu. Nenda ukawaambie wenyewe."

Ofisi ya chama cha wavuvi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, feni isiyozunguka na kalenda ya mwaka juzi. Bwana Hapana alikuwepo na wenzake sita, wanakunywa chai ya rangi. Fundo alisimama mlangoni akasema yote: Alhamisi, nyuma ya shule, kuhesabu mpaka mia moja. Aliposema walikuwa wakiruka na ile kamba, mmoja wao alitaka kucheka, akatazama nyuso za wenzake, akarudi kwenye chai yake. Kisha Fundo akaomba Shangazi apewe siku nyingine.

"Hapana," akasema Bwana Hapana.

Fundo akasema kwamba upande wa kulia ulifanya kazi, mzamiaji aliona kwa macho yake.

"Hapana. Ulimdanganya shangazi yako aliyekulea. Mimi nitajuaje kwamba leo hunidanganyi, umwokoe yeye?"

Swali lile lilikuwa la haki. Fundo alirudi kibandani machozi yanamtoka. Lakini kabla ya jioni alionekana tena ofisini, amebeba ndoo ya maji ya bahari inayomwagikia miguuni, na vipande viwili vya kamba shingoni: kimoja cha bunda lililolala, kimoja cha kamba mpya kavu. Alimwomba Bwana Hapana avipime mwenyewe na kuvikata sawasawa mwenyewe. Akamwomba avizamishe mwenyewe, ndoo ikae chini ya meza yake, mtu asiiguse kwa siku mbili. Bwana Hapana alisema hapana, huku akinyoosha mkono kuuchukua mkasi.

Ijumaa alivitoa mbele ya watu wote. Kimoja kilibaki vilevile. Kimoja kilikuwa kimefupika kwa vidole vitatu. Alivitazama sana, akaviweka mezani, akavitazama tena. Wenzake walisema hiyo haibadilishi kitu, majani yameshang'oka, na wao hawana muda wa kuchezea nyavu. Wakaondoka mmoja mmoja. Yeye alibaki.

"Siku moja," alimwambia Fundo. "Si nyuma ya miamba. Pale sipagusi tena."

Shangazi na Fundo waliufumua mnyororo, na kuufumua kulikuwa kazi kuliko kuushona. Vidole vya Fundo vilipasuka, na maji ya chumvi yakaingia kwenye kila ufa. Kamba ya upande wa kushoto ililala pipani siku mbili, na siku zote mbili Fundo aliketi karibu na pipa akifanya hesabu za shule. Walikata miguu ishirini mipya, wakaifunga, na Shangazi akapima kila mmoja.

Mashua ilitoka, ikakokota wavu kando ya eneo la majani, penye vijani vichache vilivyokuwa vikijaribu kuota tena peke yao. Iliporudi, wavu ulikuwa safi. Haukuwa na matope wala jani hata moja, kulia wala kushoto. Mzamiaji alisema vile vijani vimesimama. Samaki waliopatikana hawakujaza hata kapu moja, kwani samaki wenyewe walikuwa wapi? Bwana Hapana alilitazama kapu, akautazama wavu, akamwambia Shangazi kwamba nyavu zake nyingine mbili ziletwe kibandani kesho.

Huo ndio ulikuwa ushindi wote. Mashua nyingine zote ziliendelea na minyororo yao, na kutoka gatini Fundo aliziona zikielekea baharini kama kila siku. Kibanda hakikufungwa, na barua ya kwenda kwenye mawe haikuandikwa. Lakini Fundo alitaka kusikia kitu kimoja zaidi, na jioni ile wakikunja wavu alikiuliza. Alitaka kujua lini majani yaliyong'oka nyuma ya miamba yatarudi.

Shangazi alikunja mkunjo mzima mpaka mwisho.

"Sijui kama yatarudi," alisema. "Yakirudi, wewe utakuwa mtu mzima, na mimi huenda nisiyaone. Sikufichi, mwanangu, maana umekuja kuniambia kweli na mimi nitakuambia kweli. Kukiri kwako kumeokoa wavu, kumeokoa na kibanda hiki. Hayo majani hakukuyaokoa. Wavu ukichanika nina sindano, nashona. Kule chini hakuna sindano. Ndiyo maana kweli inasemwa kabla ya mkasi, si baada."

Fundo alilia, na Shangazi akamwacha alie, akamshika tu bega. Hakumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha.

Wiki iliyofuata lilifika bunda jipya, la nyavu mbili za Bwana Hapana. Fundo alilitia pipani mwenyewe, akaliwekea jiwe juu. Kesho yake alasiri wenzake walipita mlangoni wakimwita. Bwana Hapana naye alikuwa ameshatuma mtu mara mbili kuuliza kwa nini kazi inachelewa, na yule mtu alisimama palepale akingoja jibu. Shangazi aliinuka, akautungua mkasi ukutani.

"Imelala siku mbili?"

Fundo alimtazama yule mtu mlangoni, akaitazama kamba ndani ya maji.

"Bado, Shangazi. Imelala moja."

Shangazi akaurudisha mkasi kwenye msumari wake, akavuta benchi, akaketi.

"Basi tungoje," alisema.